Kumpima Mgombea kwa Kaunta Buku: Tabia, Vitisho na Kauli za Kibabe

Mkutano wa kampeni Dar es Salaam ni shughuli. Pale Mwembe Yanga, Biafra au Tanganyika Packers, singeli inaanza kupigwa tangu saa nane mchana, fulana na kofia zinagawiwa, MC anachangamsha, wasanii wanapanda na kushuka. Mgombea anaposhika kipaza sauti saa kumi na nusu, nusu ya uwanja imeshashiba burudani. Anaongea dakika 40. Kesho yake uliza kijiweni alisema nini, utajibiwa "jamaa anajua kuongea" au "huyu mkali, huyu ndiye atakayeinyoosha nchi". Maneno yenyewe hayupo anayeyakumbuka.

Mwongozo huu unahusu hayo maneno yenyewe: namna ya kuyakamata, kuyapanga na kuyasoma, ili ujue aliye mbele yako ni mtu mkali tu au ni mtu asiyetaka awepo wa kumzuia. Hivyo viwili vinachanganywa kila uchaguzi.

Kazi hii inafanywa kabla ya kura, na sababu iko kwenye Katiba ya 1977. Ibara ya 41(7) inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinavunja haki. Ibara ya 46 nayo inamkinga rais asishtakiwe kwa jinai akiwa madarakani. Matokeo ya ubunge na udiwani yanapingika mahakamani. Ya urais hayapingiki. Kwa hiyo mchujo wa mwananchi ni huu wa kabla.

Swali la kwenda nalo ni moja: huyu mtu anamzungumziaje yeyote mwenye haki ya kumwambia hapana? Jaji, mbunge wa upande wa pili, Mkaguzi Mkuu (CAG), mwandishi wa habari, mwenyekiti wa mtaa, hata mwanachama mwenzake. Ahadi za barabara na maji hazitakuonyesha tabia, maana kila mgombea anazo na zinafanana.

Vifaa

Kaunta buku moja, kalamu, na simu au redio. Tunasisitiza karatasi kwa sababu. Siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa na jioni yake Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje. Aliyekuwa na kumbukumbu zake zote kwenye magrupu ya WhatsApp hakuwa na kitu mkononi. Isitoshe, klipu zinafutwa, akaunti zinafungwa, simu zinaibwa Kariakoo.

Kila kurasa mbili zinazotazamana zigawe safu nne. Safu ya kwanza: tarehe, mahali, na dakika ya hotuba. Ya pili: maneno kama yalivyotamkwa, bila kunyoosha lugha. Ya tatu: analengwa nani. Ya nne: njia, yaani atakifanya hicho anachosema kwa mamlaka gani na kwa utaratibu upi. Hii ya nne ndiyo yenye kazi, na mara nyingi utaiacha tupu kwa kuwa mgombea hakusema. Iache hivyo hivyo tupu. Usimjazie.

Pata hotuba nzima

Klipu ya sekunde 30 haifai kitu. Kuna inayokatwa ili kumpaka mtu matope, na kuna inayokatwa ili kumsafisha. Tafuta hotuba iliyorushwa mubashara na vyombo viwili tofauti na ulinganishe urefu. Kimoja kikiwa na dakika 52 na kingine 38, jua kuna kilichokatwa. Bando likiwa dogo, shusha ubora wa picha hadi 144p, kwani unachohitaji ni sauti.

Sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza usiandike, acha maneno yapite, makofi yapite, ucheke panapochekesha. Ya pili andika. Watu wengi wanaandika mara ya kwanza, wanakamata vile vibwagizo vilivyotengenezwa ili vikamatwe, na kauli nzito inawapita. Kauli nzito kwa kawaida hazimo kwenye sentensi za kupigiwa makofi. Zinakuja pembeni: mgombea anapomjibu aliyemzomea, anapomtania diwani wa chama kingine, au anapotoka kwenye karatasi aliyoandikiwa. Ukisikia sauti imeshuka na karatasi imewekwa chini, ndipo kalamu iwe tayari.

Hotuba moja haitoshi. Chukua tatu kwa uchache: ya mkutano wa hadhara, ya ndani ya ukumbi mbele ya wafanyabiashara au viongozi wa dini, na mahojiano ya redio au televisheni. Mtu anayezungumza sheria ukumbini Posta na kuzungumza ngumi Mbagala Zakhem amekuonyesha kwamba anaijua sheria, ila anaona walio Mbagala haiwahusu.

Sarufi inavyomtoa mtu

Hapa tukae kidogo, maana Kiswahili kinamvua msemaji nguo bila yeye kujua.

Anza na nani anafanya kitendo. "Nitajenga zahanati" ni kauli yenye mwenyewe, unaweza kumrudia na kumdai. "Tutawashughulikia" inatanua kidogo: ni akina nani hao "sisi"? "Watashughulikiwa" imemfuta mtendaji kabisa. Hakuna polisi hapo, hakuna mahakama, kuna kitendo kinachoelea. Na kitenzi chenyewe kina nyuso mbili. Ofisi inashughulikia malalamiko, na hakuna anayeshtuka. Lakini jukwaani, kikipewa mtu badala ya jambo, kila aliye uwanjani anajua kinachomaanishwa, na msemaji ukimbana kesho atakwambia alimaanisha kushughulikia kama ofisi inavyoshughulikia. Vivyo hivyo "kumnyoosha", "kumpoteza", "kumalizana naye", "atajua hajui". Viandike vyote vilivyo kwenye hali ya kutendwa na uhesabu. Mara moja kwenye hotuba ya saa nzima ni ulimi. Mara tano ni mtindo.

Kisha angalia ngeli. Kiswahili kina nafasi ya mtu, nacho kina njia ya kumtoa mtu kwenye nafasi hiyo. Mwizi akiitwa "jizi", mtu akiitwa "jitu" au "kijitu", vijana wa mtaa wakiitwa "vitoto", wamevuliwa utu kwa kiambishi tu. Mara moja kwa hasira, sawa, binadamu anaghafilika. Ila chunguza kundi gani linaitwa hivyo kila mara, kisha uone kama kinachofuata ni kitendo. Ngazi ya chini yake ni wadudu na wanyama: kupe, kunguni, mchwa, nyoka, panya. Rwanda, kabla na wakati wa mauaji ya 1994, redio RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", mende. Hatusemi kila anayesema "mchwa wa mali ya umma" anaandaa mauaji. Tunasema hivi: ukiona kundi zima la raia limepewa jina la kitu kinachopigwa dawa, weka mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo.

Dar ina mfano wake wa nyumbani. Vijana wanaovamia watu kwa mapanga tumewaita "panya road", magazeti yakachukua, polisi wakachukua, jina likaota mizizi. Hofu ni ya kweli, aliyepigwa panga Chanika au Kunduchi hahitaji kufundishwa haki za binadamu na mtu aliyelala salama. Lakini mgombea akipanda jukwaani na kusema panya hapelekwi mahakamani, anapigwa, jina limemfanyia kazi tayari. Jiulize nani ataamua kwamba mwanao aliyerudi saa sita usiku kutoka kibandani kwake ni panya au si panya. Ufilipino, Rodrigo Duterte alifanya kampeni ya 2016 akiahidi waziwazi kuwaua wahalifu wa dawa za kulevya. Watu wakampa. Maelfu walikufa, wengi wao masikini wa mitaa ya uswahilini ya huko, na Machi 2025 alikamatwa na kupelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague.

Neno la tatu la kulifuatilia ni usaliti. "Msaliti", "kibaraka wa mabeberu", "katumwa", "ana ajenda". Mpinzani anayesema bajeti imekosewa anajibiwa kwa hesabu. Anayeitwa kibaraka hajibiwi. Ameshatolewa kwenye mazungumzo. Na kumbuka kwamba uhaini, kwa Kanuni ya Adhabu yetu, adhabu yake ni kifo. Anayelirusha neno hilo jukwaani kama kijembe hajui uzito wake, au anaujua.

Tukitaja vijembe: hivyo viacheni viwe. Siasa ya pwani bila kijembe, fumbo na kuchambana kidogo itakuwa kama pilau bila viungo. Mgombea akimwambia mwenzake sera zake zimepauka kama kanga ya juzi, hilo ni la kucheka. Hata "mafiga matatu", kuomba rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, ni kampeni ya kawaida. Kinachovuka mstari ni ile ndugu yake: "Mkichagua wa upande ule, maji hamtayaona." Kampeni za 2020 ziliisikia. Kauli hii inageuza kodi ya wote kuwa zawadi ya waliomchagua, na inamwambia mpiga kura wa Ubungo kwamba kura yake ina adhabu. Safu ya nne ukiijaza, utaandika: hakuna sheria inayomruhusu.

Sentensi moja ifumuliwe

Huu ni mfano tuliotunga wenyewe, lakini kila kipande chake umeshakisikia:

"Ndugu zangu wa Temeke, nipeni miaka mitano tu, sitaki longolongo za mahakama, mafisadi wote wataozea ndani, na anayewatetea tutajua naye ni mwenzao."

"Nipeni" na "sitaki": nchi imekuwa baina yake na uwanja, hakuna wa katikati. "Longolongo za mahakama": Ibara ya 107A inasema mamlaka ya mwisho ya kutoa haki ni ya Mahakama, na 107B inazipa uhuru. Kwake hicho ni kichelewesho. "Mafisadi wote": nani anawataja? Bila mahakama, anayetaja ni yeye. "Wataozea ndani": mtendaji kafutwa, na muda hauna kikomo. "Anayewatetea tutajua naye ni mwenzao": hapa ndipo ilipo sumu. Wakili anayemtetea mshtakiwa, mwandishi anayeuliza ushahidi uko wapi, ndugu anayepeleka chakula mahabusu, wote wameingizwa kwenye orodha kabla hawajafumbua mdomo.

Sasa sentensi nyingine ya mtu mkali vilevile: "Nitaipa TAKUKURU bajeti na waendesha mashtaka, kesi kubwa za rushwa ziishe ndani ya mwaka, na wa chama changu akiguswa sitapiga simu." Ukali upo, tena mwingi. Na safu ya nne ina cha kuandikwa: taasisi, fedha, muda, na amejizuia mwenyewe. Ile "sitapiga simu" ndiyo ya kumrudia nayo baadaye.

Ukali si kosa

Utamsikia mtu mzima, mwenye akili zake, anasema nchi hii inahitaji dikteta kidogo. Msimcheke. Anachosema ni kwamba amechoka kuzungushwa na ofisi, amechoka "njoo kesho". Mwaka 2015 na 2016 msamiati wa "kutumbua majipu", yaani kuwafukuza watumishi wabovu papo hapo, ulipendwa kwa sababu hiyohiyo, na vigogo walioona ofisi ni mali yao walitikisika kweli. Swali la kupima utumbuaji wowote ni dogo: aliyetumbuliwa alipewa barua yenye kosa? Alipewa nafasi ya kujitetea? Ana pa kukata rufaa? Zote tatu zikiwepo, hiyo ni nidhamu ya kazi. Zikikosekana, leo katumbuliwa mwizi, kesho atatumbuliwa mkaguzi. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG, Profesa Mussa Assad, baada ya yeye kutumia neno "udhaifu" kulizungumzia. Utumbuaji usio na utaratibu umefika wapi, utajua kwa kuangalia umefika kwa nani.

Wala msidanganywe na upole. Kais Saied wa Tunisia alikuwa mhadhiri wa sheria ya katiba, sauti yake kavu kama mashine ya kuhesabia foleni benki. Alichaguliwa 2019. Julai 25, 2021 alimfukuza waziri mkuu na kulisimamisha Bunge, huku akitaja ibara ya katiba. Ndiyo maana tunapima maneno kwa anayelengwa na njia, hatupimi kwa kelele.

Utani nao una kipimo chake. Desemba 2023 Donald Trump, alipotakiwa kwenye televisheni aahidi kwamba hatatumia madaraka kulipiza kisasi, alijibu kuwa hatakuwa dikteta isipokuwa siku ya kwanza. Ukumbi ukacheka. Utani ukirudiwa mahali pa tatu, mbele ya watu wa tatu, uhamishie kwenye kauli.

Rekodi ya mtu

Kama aliwahi kuwa mbunge, ingia kwenye tovuti ya Bunge utafute Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya vikao. Usianze na maswali yake ya barabara za jimboni. Tafuta siku za miswada inayogusa haki: Huduma za Habari, Novemba 2016, marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa, Januari 2019. Alichangia nini? Alinyamaza? Hansard huandika "(Makofi)" kwenye mabano, hayo yaruke, soma sentensi inayofuata. Usitegemee kumuona wa chama tawala akipinga muswada wa serikali. Inatokea kwa nadra. Angalia kama aliomba hata koma moja ibadilishwe.

Kama alikuwa meya au diwani, soma taarifa ya CAG ya Serikali za Mitaa kwa miaka yake. Tahadhari mbili. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa, haimaanishi hakuna shilingi iliyoliwa. Na meya si mkurugenzi. Mwenye kushika fungu ni mkurugenzi, kwa hiyo usimbebeshe meya kila kitu. Cha kumuuliza meya ni baraza lilifanya nini hoja za ukaguzi zilipoletwa.

Kesi zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Hapa watu wanaharibu sana kwa majina. Majina mawili yanayofanana Dar ni ya watu mia. Linganisha jina la tatu, kazi, mwaka, mahali, na kama huna hakika funga ukurasa. Kushtakiwa si kuwa na hatia. Kwa kusoma tabia, kesi alizofungua yeye zinasema mengi kuliko alizofunguliwa: anawashtaki waandishi? Wapangaji wake? Alishindwa akalipa, au alizungusha?

Kwa aliyekuwa mkuu wa wilaya au mkoa, kuna kipimo kizuri kuliko vyote. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mamlaka ya kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Sheria inataka pawe na kosa au hatari kwa amani, na sababu ziandikwe. Tafuta kwenye magazeti ya miaka yake: Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed wanahifadhi magazeti ya zamani. Aliitumia kwa nani? Mhandisi aliyechelewa kikao? Mwandishi? Mwalimu? Mtu aliyepewa saa 48 akazitumia kutuliza hasira zake, ukimpa dola nzima hatazisahau.

Na hiki kimoja tunakipa uzito kuliko vingine: alipowahi kushindwa, alifanya nini? Kura za maoni ndani ya chama, uchaguzi wa serikali ya mtaa, hata uenyekiti wa klabu au msikiti. Alikata rufaa kwa njia iliyopo na kukubali jibu? Alihama usiku uleule na kusema chama kimeoza? Alisema ameibiwa, akaleta ushahidi? Kulalamika si dosari, wizi wa kura upo. Dosari ni yule ambaye kila ushindi wake ni sauti ya wananchi na kila kushindwa kwake ni njama.

Kauli za zamani zilinganishe na vitendo vya baadaye, na uvipe muda. Yoweri Museveni alipoingia 1986 alisema tatizo la Afrika ni viongozi wanaotaka kukaa madarakani kupita kiasi. Uganda iliondoa ukomo wa mihula 2005, na ukomo wa umri wa rais 2017. Kwetu Ibara ya 40(2) inasema mihula miwili, basi. Mgombea akiguna tu akiulizwa habari hiyo, andika mguno.

Mambo madogo ya uwanjani

Ukienda mwenyewe mkutanoni, macho yako yatapata ambacho kamera haikionyeshi. Maadili ya uchaguzi yanataka mikutano iishe saa 12 jioni. Ikifika hiyo saa, anamaliza, au anaomba "dakika mbili" tano tano huku askari wanatazamana? Anapozomewa anacheka, anajibu hoja, au anawageukia walinzi na kusema "mtoeni huyo"? Kipaza sauti kikizima anamfokea fundi mbele ya watu? Mama aliyesukumwa mbele na mabango anasalimiwa au anarukwa? Mwenyekiti wa kata, mzee wa miaka 70, anaitwa mzee au anaitwa "wewe"?

Fulana na kofia usizihesabu kama tabia mbaya za mgombea mmoja, wote wanagawa. Bahasha ni jambo lingine. Takrima, ule ukarimu wa wakati wa kampeni, Mahakama Kuu iliufuta 2006. Mgombea anayejua hivyo na bado watu wake wanagawa noti za elfu tano nyuma ya jukwaa amekufundisha anavyoichukulia amri ya mahakama isiyompendeza. Mwalimu Nyerere, Mei Mosi ya 1995 kule Mbeya, aliwauliza wanaotaka Ikulu kwa pesa: watazirudishaje? Tulichukue swali, na tukumbuke pia kwamba ni serikali yake iliyoleta sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, 1962. Jina zuri halimwondoi mtu kwenye safu nne.

Kuuliza swali

Nafasi utaipata kwenye kampeni za nyumba kwa nyumba, mdahalo wa kata, au kipindi cha simu cha redio. Mkutano wa hadhara hauna maswali. Uliza moja, fupi, lenye tukio. "Una msimamo gani kuhusu demokrasia?" litakupa hotuba. Jaribu hivi:

"Mheshimiwa, samahani. Ukishinda, mkuu wa wilaya akamweka ndani saa 48 mwandishi aliyekukosoa, utachukua hatua gani?"

Sikiliza maneno matano ya kwanza. Jibu la mtu anayekubali mipaka linataja kitu cha kufanya: ataomba sababu za maandishi, atamwondoa, ataunga mkono kifungu kirekebishwe. Jibu la mashaka ni "inategemea alikosoa nini". Na jibu la kumaliza kazi ni "wewe umetumwa na nani?" Hapo shukuru, kaa, andika. Usibishane. Vijana wa hamasa wakikusogelea, sema umejibiwa.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni Usimba na Uyanga. Mtu anamwandikia mgombea asiyempenda kurasa 12, wa kwake nusu ukurasa. Dawa yake tunaiita kubadilisha jezi: chukua kila kauli uliyoipigia mstari mwekundu, futa jina, weka la mgombea wako. Bado inakukera? Iache. Imekuwa tamu ghafla? Basi ulikuwa unaandika jezi. Fanya na upande wa pili: kauli ya mgombea wako uliyoiona ya kishujaa, mpe mpinzani wake. Watu wawili wa vyama tofauti wakikagua daftari moja kwa zamu, kazi inakuwa safi zaidi. Ni vigumu kuwapata. Jaribu kwenye kijiwe cha kahawa kabla ya kutafuta kwingine.

Kosa la pili ni kuandika maana badala ya maneno. "Alisema ataua watu" huku mdomoni alitoka na "watajuta". Andika "watajuta".

La tatu ni sauti za kutengenezwa. Programu za kuiga sauti sasa ziko kwenye simu. Klipu isiyo na mahali, tarehe, wala kelele za uwanja, iliyoletwa na "forwarded many times", isiingie daftarini mpaka uipate kwenye rekodi ndefu.

Na kuna kukabidhi hukumu kwa hesabu. Mistari myekundu saba dhidi ya mitatu haikwambii umpigie nani kura. Kauli moja ya kuwanyima maji waliokukataa inaweza kuzidi vijembe 20.

Kulinda daftari na mwenyewe

Daftari ni lako, andika unachosikia. Hatari inaanza kwenye kusambaza. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kwa hiyo ukituma kwenye grupu, tuma maneno yake, tarehe, mahali na dakika ya rekodi, usiongeze kivumishi. "Alisema hivi, Temeke, dakika ya 31" kinasimama. "Dikteta huyu" ni maoni yako, na siku ya kuulizwa utakuwa peke yako. Mambo ya ndoa, ugonjwa au dini yake yaache nje. Hayamo kwenye safu nne. Majina ya waliokaa nawe mkutanoni usiyaandike kabisa.

Siku ya kura liache nyumbani, hukumu iwe imeshaingia kichwani. Usilitupe baada ya hapo. Lifunge kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya kabati, masika ya Dar inajulikana inavyoingia vyumbani. Aliyeshinda utamhitaji kwa miaka mitano, ile "sitapiga simu" uirudie tarehe kwa tarehe. Aliyeshindwa, 2030 utamkuta Mwembe Yanga na fulana za rangi nyingine.